Seva ya Mafinga kujaa diski bila taarifa

Pole ndugu. Seva ya SACCOS iko Mafinga, wewe uko Iringa mjini, na habari ya diski kujaa unaipata wanachama wakishaanza kulalamika. Usihangaike na mtambo mkubwa. Andika skripti fupi ya Python: sakinisha psutil (maktaba ya Python ya kusoma hali ya mashine), soma psutil.disk_usage("/").percent, yaani asilimia ya diski iliyojaa. Ikivuka 80, skripti itoke na namba 1, yaani onyo. Ikivuka 90, itoke na 2, yaani hatari. Salama ni 0. Ndiyo namba za Nagios, mfumo wa kufuatilia seva, kwa hiyo ukihamia huko baadaye hutaandika upya. Cron, kipanga ratiba cha Linux, iiendeshe kila dakika 5, na kwenye mstari huo weka amri ya kukutumia ujumbe skripti isipotoka na 0.

Ila umeme ukikatika, skripti nayo inalala na seva! Mashine ya hapo Iringa iwe inaipigia seva pingi (ping), yaani kuiuliza kama iko hewani. Diski ikianza makosa ya kusoma, achana na skripti: nakili data, ita fundi.