Rangi imejaa, mshipa mzima? Swali la afisa tabibu kuhusu kozi ya Doppler

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya wilayani Karatu. Ultrasaundi ya wajawazito na ya tumbo nimeifanya miaka 4 sasa. Mwaka huu tumepata mashine yenye Doppler ya rangi, ile inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Juzi alikuja mama aliyejifungua siku 12 zilizopita, mguu wa kushoto umevimba hadi pajani. Niliweka rangi kinenani na nyuma ya goti, mshipa ukajaa bluu vizuri, nikaandika kwamba hakuna damu iliyoganda. Bado analalamika. Kuna kozi ya siku 2 Arusha mjini, wanatoa cheti cha Doppler ya mishipa pamoja na pointi za CPD, yaani za kujiendeleza kitaaluma. Nikiihudhuria, nitakuwa nimeiva kwa kazi hii?

JIBU: Marahaba. Kozi tutaizungumza, lakini kwanza mpigie simu yule mama aje leo hii. Mguu wa kushoto uliovimba hadi pajani, siku 12 baada ya kujifungua, uhesabu kuwa na damu iliyoganda mpaka kipimo sahihi kikatae, na ulichofanya wewe hakijakataa chochote. Kama daktari wenu haoni kizuizi, aanze heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakati rufaa inaandaliwa, maana kwa mzazi kama huyu dawa haisubiri picha. Akikwambia anabanwa na pumzi au kifua kinamchoma, asilale nyumbani usiku huu.

Sikulaumu. Maswali kama lako hunijia hapa Moshi mara kwa mara, kutoka Rombo, kutoka Same, kutoka Monduli, na karibu yote yana sentensi ileile: rangi ilijaa vizuri. Nimechoka kuisoma, kwa sababu nimeona inakowapeleka wagonjwa.

Rangi unayoiona ni hesabu. Mashine imekisia mwendo wa chembe za damu, kisha ikaupaka bluu au nyekundu juu ya picha ya kijivu. Ukifungulia geini, kitufe cha kukuza ishara, kupita kiasi, rangi humwagika nje ya njia yake na kulifunika donge la damu lililoshika nusu ya mshipa. Ukipandisha mno skeli ya mwendo, vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, yenye damu ya polepole hubaki nyeusi, na utaandika imeziba ilhali ni nzima. Mgonjwa ni yuleyule na mshipa ni uleule, ila vitufe viwili vimekupa majibu mawili yanayopingana. Na usitegemee kwamba picha ya kijivu itakuokoa: donge bichi la siku mbili tatu huweza kuwa jeusi kama damu inayotembea, ukalitazama usilione.

Kinachotoa jibu kwenye vena za mguu ni mkono wako. Zima rangi. Shika proubu, kile kifaa unachoweka kwenye ngozi, ikate mshipa kwa upana, maana ukibonyeza kwa urefu itateleza pembeni na utadhani mshipa umelala kumbe umeukimbia. Bonyeza mpaka kuta mbili za vena zigusane kabisa, huku ateri ya jirani, inayotoa damu moyoni, ikibaki wazi. Vena nzima hufumba kama mdomo. Yenye donge hukataa. Achia, shuka sentimita 2, bonyeza tena, na hivyo hivyo toka kinenani hadi chini ya goti, kisha vena za shavu la mguu. Pajani ndani, karibu na goti, mshipa huingia kina na watu wengi hupachoka wakaparuka. Weka mkono wa pili nyuma ya paja uusukume ukutane na proubu. Kumbuka pia kwamba baadhi ya watu wana vena mbili za paja sambamba. Ukiona moja imelala, tafuta kama ina mwenzake.

Nikiwa hapo, kuna jina moja linaloleta maafa. Vena kubwa ya paja, inayotoka kinenani kwenda nyuma ya goti, kwa miaka mingi iliitwa kwa Kiingereza jina lenye neno lenye maana ya juujuu. Ni vena ya ndani kabisa. Kijana akiona neno hilo kwenye ripoti, anadhani donge liko kwenye mishipa ya juu ya ngozi, anampa mgonjwa diklofenaki na bandeji, anamruhusu. Andika vena ya femora, basi, na uongeze kwamba ni ya ndani.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu huenda hata ungebonyeza vizuri usingemwona. Kwa wajawazito na waliojifungua, donge hupenda mguu wa kushoto, na mara nyingi huanzia juu, ndani ya nyonga, ambako vena ya kushoto inapita chini ya ateri ya kulia na kukandamizwa. Huko huwezi kubonyeza. Unachoweza ni kusikiliza kinenani: weka Doppler ya mawimbi kwenye vena ya kulia, kisha ya kushoto, uzilinganishe. Upande mzima, wimbi hupanda na kushuka na pumzi. Upande ambao njia imezibwa juu, wimbi hunyooka kama uzi. Rangi yako ya bluu itakuwepo pande zote mbili, na itakuwa nzuri tu. Kwa hiyo kwenye barua ya rufaa andika wazi: nyonga haijapimwa. Akifika hospitali ya KCMC au ya Mount Meru, maneno hayo mawili yatamwelekeza anayempokea.

Kwenye ateri hali ni hiyohiyo, ila kosa hubeba namba na hivyo huonekana la kisayansi. Kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, akizungumzia mwanga wa nyota, haisamehi pembe, ile iliyo kati ya mawimbi ya proubu na mkondo wa damu. Kama pembe ya kweli ni nyuzi 60 na wewe ukaweka 65, mwendo utaongezeka kwa karibu asilimia 18. Pembe ya kweli ikiwa 75 na ukaweka 80, utaongezeka kwa karibu nusu. Chukua mshipa wa shingo wenye mwendo wa sentimita 110 kwa sekunde. Mpaka unaotumika na wengi ni 125. Ukiuvuka, mgonjwa anaambiwa huenda mshipa umepungua kwa asilimia 50 au zaidi. Nyuzi 5 tu za mkono wako zinampeleka kwenye 130. Amekuja mzima, anaondoka akiogopa kiharusi.

Kuhusu kozi. Hizo siku 2 zina kazi yake. Mwalimu mwaminifu anaweza kukufundisha kubonyeza sehemu mbili, kinenani na nyuma ya goti, na kwa Karatu hiyo ni faida kubwa: vena ikikataa kulala, una jibu na dawa inaanza. Ikilala, hujamaliza, mgonjwa arudi apimwe tena baada ya siku 5 hadi 7, au apewe rufaa akapimwe mguu mzima. Tatizo langu ni cheti kinachosema Doppler ya mishipa, yote, shingo, mkono, fistula ya usafishaji damu, miguu ya wenye kisukari, kwa siku 2 na chai ya saa nne.

Pointi za CPD zimewekwa kumtunza aliyekwisha kuiva. Marekani, anayetaka cheti cha RVT, cha fundi wa ultrasaundi ya mishipa, hufaulu mtihani wa fizikia ya ultrasaundi na mtihani wa mishipa, kisha ndipo hudaiwa saa 30 za kujiendeleza kila miaka 3. Zile saa zinamzuia asichakae, hazikumfanya fundi. Huku kwetu tumeanza kuigeuza ngazi: mtu anakusanya pointi kwanza, ufundi atauokota kwa wagonjwa.

Kabla hujalipa, waulize wenye kozi mko watu wangapi kwa mashine moja. Uliza kama mtagusa wagonjwa wenye donge, kwa sababu mkipimana ninyi kwa ninyi mtarudi mmebonyeza vena nzima ishirini bila kuona hata moja iliyokataa. Uliza nani atatazama picha zako mwezi wa pili na wa tatu. Wakijibu kuna kundi la WhatsApp, hiyo haitoshi, kwa sababu picha iliyosimama haionyeshi mkono ulibonyeza wapi. Afadhali uombe wiki chache kwenye hospitali kubwa, usimame na anayejua, upime kabla yake naye apime baada yako, na uandike kwenye daftari ulichosema wewe, alichosema yeye, na mlipotofautiana.

Nasema kwa ukali kwa sababu pengo hili lina watu wanaolifanyia biashara. Mgonjwa akishaona ripoti ya hospitali ni picha nzuri yenye rangi, hana namna ya kuitofautisha na ile karatasi ya mashine ya kushika kifimbo mkononi, inayochapisha ndani ya dakika chache kwamba mishipa yake imeziba kwa asilimia kadhaa, pamoja na bei ya dawa ya kuizibua. Kifimbo hakipimi mwendo wa damu. Nimempokea mzee mwenye kisukari aliyekunywa dawa hizo miezi 3 huku kidole cha mguu kikiwa cheusi. Alikuwa ameambiwa pia, na kituo halali, kwamba presha ya kifundo chake ni nzuri, kwa vile uwiano wa presha ya kifundo na ya mkono ulizidi 1.4. Kwa mwenye kisukari namba hiyo humaanisha ateri zimekakamaa kwa chokaa hata mkanda hauwezi kuzibana. Hapo unapima presha ya kidole gumba. Mguu haukuokolewa.

Mgonjwa akikuletea karatasi ya kifimbo, usiibandike kwenye faili. Mvue viatu, tafuta mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa vidole vyako, miguu yote miwili. Usipoyasikia na kuna kidonda au kidole kimebadilika rangi, rufaa iandikwe siku hiyohiyo.