Kuhusu miguu ya kaka yako aliyeanguka mchikichini

Dada yangu, pole sana. Umeuliza inakuwaje kaka yako, aliyeanguka juzi kutoka kwenye mchikichi hapo kijijini kwenu Kigoma, ahisi ukimgusa nyayo ilhali hawezi kuinua miguu. Ndani ya uti wa mgongo umepita ugwe wa neva wenye njia zilizotengana: habari za mguso, joto na maumivu huingia kwa mizizi ya nyuma na kupanda hadi ubongoni, na amri za kusogeza misuli hushuka kutoka ubongoni na kutokea kwa mizizi ya mbele. Jeraha linaweza kuziba njia za amri na kuziacha baadhi ya njia za hisia zikiwa nzima. Hisia hiyo iliyobaki ni ya thamani, kwa kuwa majeraha yasiyokata njia zote huwa na matumaini zaidi ya nafuu.

Hata hivyo, asikae nyumbani. Msimpakie kwenye bodaboda hata kidogo. Alazwe chali juu ya ubao imara, kichwa, shingo na kiwiliwili vikiwa katika mstari mmoja, apelekwe hospitali leo hii. Ikiwa hawezi kukojoa, mwambieni daktari mara tu mfikapo.