GPS haishiki? Maswali yenu kuhusu vipokezi vya mkononi

Barua nyingi safari hii zinalalamikia jambo moja: kifaa cha GPS, kile kinachokuonyesha ulipo kwa kusikiliza satelaiti, kinawashwa, kinatafuta, kinatafuta, na mwenyewe amesimama juani anakikodolea macho. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nina GPS ya zamani ya Garmin, eTrex ile ya manjano. Ikikaa kabatini msimu mzima, siku ya kwanza inachukua hata robo saa kushika. Kesho yake, dakika moja tu tayari. Ndiyo inakufa? (Mpima mashamba, Njombe)

Haifi. Satelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kila moja inatuma taarifa zake kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo hata picha ndogo ya simu ingekesha njiani. Humo ndani kuna mambo mawili makubwa. Kwanza, maelezo kamili ya njia ya satelaiti yenyewe, yanayorudiwa kila sekunde 30. Pili, kalenda ya jumla ya satelaiti zote, ambayo humalizika kutumwa baada ya dakika 12 na nusu. Maelezo ya njia yanafaa kwa takriban saa nne, kisha yanachacha. Kalenda hukaa wiki nyingi.

Sasa tazama kilichokupata. Baada ya miezi kabatini, kalenda imepitwa na huenda hata saa ya ndani imepotea, hivyo mashine haijui ianze kutafuta satelaiti ipi. Inapekua anga lote. Kesho yake kalenda ipo, inabaki kusubiri maelezo ya njia tu. Ukiizima ukaiwasha tena baada ya dakika kumi, hata hayo inayo, na inashika ndani ya sekunde chache.

Kinachowaponza wengi ni haraka. Kusikiliza satelaiti ni kama kusikiliza matangazo ya vifo redioni: lori likipita wakati linatajwa jina la kijiji, huna la kufanya ila kungoja yasomwe tena. Ukitembea ukapita chini ya mwembe, au mwili wako ukaziba upande mmoja, kipande kimekosekana na unasubiri mzunguko mwingine wa sekunde 30. Ukizima na kuwasha kwa hasira ndiyo unaharibu kabisa. Siku moja kabla ya kazi, weka betri mpya, iweke mashine mahali peupe, kioo kikitazama juu, uiache ilivyo kwa dakika 20. Asubuhi hutakuwa na neno nayo.

Tunafanya utafiti wa miti msitu wa Amani. Kwenye ukurasa wa satelaiti vijiti vinatokea, vinabaki vitupu, vinapotea. Tunatumia Garmin GPSMAP 60CSx. (Mwanafunzi, Muheza)

Kijiti kitupu kina maana kwamba satelaiti imesikika lakini taarifa zake bado zinakusanywa. Kikijaa rangi ndipo inapotumika, na unahitaji vinne vilivyojaa ili upate mahali pamoja na mwinuko. Yenu inaanza kusikiliza, majani mabichi yanameza mawimbi, inaanza upya.

Msiiwashie ndani ya msitu. Iwasheni barabarani au penye uwazi, ngojeni vijiti vijae na vikae hivyo dakika kadhaa, ndipo mwingie nayo ikiwa imewaka. Ikishakuwa na maelezo ya njia, inavumilia mawimbi dhaifu kuliko yale inayohitaji kwa kuanzia.

Halafu kuna suala la kushika kifaa, ambalo nalikuta kila mahali. 60CSx ina ile antena nene kama kidole juu yake, na hiyo inataka kusimama wima. eTrex ya manjano ina antena bapa ndani, inataka kulazwa. Wengi hufanya kinyume. Na msiitundike shingoni ikagusa kifua: mwili wa mtu ni maji matupu, unaziba nusu ya anga.

Nimenunua GPS ya mkononi iliyotumika, imetoka Ulaya. Ilihangaika muda mrefu, mwishowe ikashika, lakini tarehe iko nyuma karibu miaka 20! (Mombasa)

Kuhangaika ni kwa sababu ilipozimwa mara ya mwisho ilikuwa Ulaya, na ilipowaka ikatafuta satelaiti za anga la huko. Kwenye menyu ya ukurasa wa satelaiti, Garmin nyingi zina kipengele cha New Location. Kichague na mashine itaacha kung'ang'ania kumbukumbu ya zamani.

Tarehe ni hadithi nyingine. GPS huhesabu wiki kuanzia Januari 1980, lakini hesabu hiyo ikifika 1,023 hurudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kifaa chenye programu ya zamani hakijui kwamba duru mpya imeanza, kwa hiyo kinarudi nyuma wiki 1,024, yaani karibu miaka 20. Angalia kwa mtengenezaji kama kuna programu mpya ya modeli yako. Kama haipo, mahali inapokuonyesha kwa kawaida ni sahihi. Tarehe andika kwa kalamu.

Mimi nahodha. Mchana GPS haina shida. Baadhi ya usiku, kuanzia saa mbili, inapoteza satelaiti mbinguni kweupe, bila wingu. (Lamu)

Nahodha, hapo mashine haina kosa, na mawingu si kitu kwake. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita Ethiopia, na sisi tumo ndani ya ukanda wake. Jua likishazama, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme huvurugika, linakuwa na mapovu, na mawimbi yakipita humo hupanda na kushuka ghafla hadi kipokezi kinapoteza uzi. Huanza baada ya magharibi na mara nyingi hutulia usiku wa manane. Miezi mibaya ni ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huzidi miaka ambayo jua lenyewe limechangamka, kama 2024.

Washa kabla ya magharibi, usizime. Kama kifaa chako kinapokea satelaiti za Urusi (GLONASS) au za Ulaya (Galileo) pamoja na GPS, washa zote, maana mapovu hayazibi anga lote kwa wakati mmoja. Na dira ibaki mahali pake. Kuingia mlango wa miamba usiku kwa kutegemea GPS peke yake, hilo sikushauri hata kidogo.

Je, inahitaji bando? Mbona simu inashika haraka zaidi? (Morogoro)

Haihitaji. Simu inawahi kwa sababu inapakua maelezo ya njia kupitia intaneti badala ya kuyangoja kwa biti 50. Zima data, ikae siku kadhaa, uone nayo inavyosubiri.

Ndani ya gari haishiki mpaka nisimame nitoke nje. (Dereva wa utalii, Arusha)

Chomoa chaja ya bei rahisi na kamera ya dashibodi, jaribu tena. Nyingi hutoa kelele za redio. Kama bado, huenda kioo kina tinti yenye metali. Tafuta antena ya nje.

Yetu inashika papo hapo, hata darasani chini ya zege. Ila tukienda kijiji cha pili namba ni zile zile. (Mwalimu, Singida)

Mwalimu, kuna mwanafunzi ameiweka Demo Mode. Inaigiza tu, haisikilizi kitu. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, rudisha GPS.

Imeshika vizuri, lakini kona ya shamba inaangukia karibu mita 300 nje ya ilipo kwenye ramani. (Nakuru)

Ramani za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Soma pembezoni mwa ramani umeandikwa mfumo gani, weka huo huo kwenye mipangilio ya GPS, kisha kaipime tena kona ile ile. Vipimo ulivyokwisha andika, weka alama kwamba ni vya WGS 84, visije vikachanganyika na vipya.