Jibu: Kikundi cha ushonaji, tugawane sawa au kila mtu na jasho lake?

Dada yangu, umeuliza kama mgawane mapato sawa kwa sawa wakati wawili wenu ndio wanaokesha kwenye cherehani. Mimi nasema hapana, lakini msivunje kikundi.

Tazama wakulima wa kahawa Kilimanjaro. KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ilianzishwa 1933, na kila familia ilibaki na kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, ikipalilia na kuchuma yenyewe. Cha pamoja kilikuwa kuuza. Kahawa ikifika chama cha msingi, yaani ushirika wa pale kijijini, inapimwa, kilo zinaandikwa kwa jina la mkulima, naye analipwa kwa kilo zake. Mvivu hali jasho la jirani, na mwenye kilo chache haachwi mikononi mwa walanguzi. Lakini kwenye mashamba ya pamoja ya vijiji vya ujamaa, wengi walifika ili wahesabiwe tu, nguvu wakaziweka kwenye mashamba yao.

Basi vitambaa nunueni pamoja, oda za sare za shule tafuteni pamoja, kodi ya fremu changeni. Ila kila nguo iandikwe daftarini kwa jina la aliyeishona. Tengeni pia fungu la anayeugua au kujifungua. Hilo lisijadiliwe kabisa. Na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.