Barua kwa Mwanangu: Malengo Yako Yanashindana Yenyewe kwa Yenyewe

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile orodha uliyoiambatisha nimeisoma mara nyingi zaidi. Unauliza kwa nini kila Januari unaandika malengo ya maisha yako na ya karakana yako ya samani, lakini ifikapo Julai hulioni hata moja lililosogea, na unataka nikuambie kama malengo hayo ni makubwa mno au kama wewe ndiye uliyekosa nidhamu. Mimi sioni hilo wala hilo. Mtu anayefungua karakana kabla ya mafundi wake kufika na kuifunga baada yao kuondoka hajakosa nidhamu. Ninachokiona katika orodha yako ni malengo 11, na hakuna mahali popote ulipoandika utaacha kufanya nini ili malengo hayo yapate nafasi.

Saa za siku yako zilikwisha kugawanywa kabla hujashika kalamu, kwa hiyo kila lengo jipya ni lazima lichukue saa zake kutoka katika jambo jingine. Umeandika kwamba unataka kuongeza mauzo, kujifunza uhasibu, kulala mapema na kukaa na watoto jioni. Lakini mauzo hayo unayafuatilia wewe mwenyewe kwa simu, jioni hiyo hiyo. Lengo la mauzo hushinda kila siku kwa sababu lina mteja wa kulidai, ilhali masomo hayana wa kuyadai, na watoto wakidai huambiwa wasubiri. Ndiyo maana nakuomba uchague matatu tu kwa miezi sita ijayo, mawili ya karakana na moja lako binafsi, na mbele ya kila moja uandike jambo utakalolipunguza au kumkabidhi mtu mwingine. Yale manane yaliyobaki usiyafute. Yahamishie ukurasa mwingine pamoja na tarehe ya kuyatazama tena. Najua itakuuma kuyahamisha. Mshika mbili moja humponyoka, nawe umeshika 11.

Sasa niseme kuhusu maneno yenyewe. “Kukuza biashara” na “kuwa makini na fedha” ni matakwa mema, lakini huwezi kujua siku utakapoyatimiza. Edwin Locke na Gary Latham, wanasaikolojia waliochunguza jambo hili kwa miaka mingi, walionyesha kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu kwa kawaida hufanya vizuri zaidi kuliko yule aliyeambiwa tu ajitahidi kadiri awezavyo. Mfano ninaoupenda unahusu mbao kama kazi yako. Katika utafiti ambao Latham na mwenzake waliuchapisha mwaka 1975, madereva wa malori ya magogo nchini Marekani walikuwa wakipakia takriban asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Walipopewa lengo la asilimia 94, bila kuongezewa malipo, baada ya miezi kadhaa walikuwa wakipakia takriban asilimia 90. Malori yalikuwa yale yale na madereva walikuwa wale wale. Kwa hiyo sikushauri upunguze ukubwa wa malengo. Punguza idadi yake, na yale yatakayobaki yawe na namba.

Namba hiyo nayo uishushe hadi ifike kwenye wiki. Tuseme unataka wateja wapya 60 kwa mwaka, na daftari lako linaonyesha kwamba katika kila watu 10 wanaoomba bei, 2 ndio wanaoagiza. Basi unahitaji watu 300 wa kuwapa bei, na ukihesabu wiki 50 za kazi, ni watu 6 kila wiki. Mteja kuagiza au kutoagiza ni uamuzi wake, lakini kuwafikia watu 6 na kuwapelekea makadirio ya bei kwa wakati ni kazi iliyo mikononi mwako. Ikiwa baada ya miezi mitatu unaona kwamba anaagiza mmoja tu kati ya 10, usingoje Desemba ndipo usikitike. Chunguza kama bei zako zinachelewa kuwafikia, au kama unawafuata watu wasiohitaji samani za aina yako.

Umeniambia pia kwamba ulifundishwa vile vigezo vitano vya lengo zuri, vinavyoitwa SMART kwa Kiingereza, ambavyo semina nyingi huvirudia. Vilitoka katika makala ya George Doran ya mwaka 1981, na katika makala hiyo kigezo cha tatu kilidai kwamba lengo lionyeshe nani atakayelitekeleza. Baadaye wengi walikibadilisha, wakasema lengo liwe linalofikika. Mabadiliko hayo nayasikitikia, kwa sababu swali la nani ndilo ninalolikosa zaidi katika orodha yako. Kila mstari unakutegemea wewe. Una mafundi na msaidizi wa ofisi. Je, msaidizi hawezi kupokea simu za jioni na kuandaa makadirio ya bei, wewe ukayapitia asubuhi?

Kuhusu uhasibu, usiandike tena “nitajifunza uhasibu”. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba watu wanaoamua mapema saa, mahali na kichocheo cha tendo hutimiza nia zao mara nyingi zaidi kuliko wenye nia peke yake. Andika hivi: “Jumanne na Alhamisi, mara tu mafundi watakapoondoka, nitaketi mezani ofisini na kusoma kwa dakika 45, simu ikiita, ataipokea msaidizi.” Sentensi hiyo imekwisha kukuamulia jambo ambalo ukiwa umechoka ungeliamua vibaya.

Tarehe zako nazo ni za matumaini kupita kiasi, na katika hilo huna tofauti na watu wengine. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuhusu tabia ya binadamu ya kupanga kana kwamba hakuna kitakachokwenda kombo. Jumba la opera la Sydney lilitarajiwa kukamilika mwaka 1963. Lilifunguliwa mwaka 1973, na gharama zilizokadiriwa kuwa dola za Australia milioni 7 zikafika milioni 102. Dawa ni kutazama yaliyokwisha kutokea. Chukua oda zako 10 za mwisho, uone uliahidi siku ngapi na ulitumia siku ngapi, kisha panga kwa siku ulizotumia.

Limebaki moja, nalo ni zito kwangu. Uliponiona ukiwa mdogo nikikesha na cherehani, nilikuwa nafuata lengo la kushona sare mara mbili ya zile nilizoshona mwaka uliotangulia. Nililifikia. Lakini nililifikia kwa kumkopesha kila aliyeomba, na mwisho wa mwaka nilikuwa na daftari lililojaa wadaiwa huku nikiwa sina fedha taslimu za kununua kitambaa. Namba niliyoichagua ilipanda, na biashara niliyoitaka ikadhoofika, na wewe ulikaa nyumbani muhula mzima kwa ajili hiyo. Sijawahi kukueleza sababu hadi leo. Hata makampuni makubwa huanguka katika shimo hilo: mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi waliobanwa na malengo ya mauzo walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Kwa hiyo kando ya namba ya mauzo weka namba ya pili ya kuilinda, yaani fedha zilizokwisha kulipwa, na usihesabu oda yoyote kuwa imekamilika kabla mteja hajamaliza deni. Lengo lako binafsi nalo lilinde vivyo hivyo: hesabu jioni ulizokaa na watoto simu ikiwa imezimwa.

Niandikie ukurasa mpya kabla ya Jumapili ijayo, wenye malengo matatu na safu ya pili ya mambo unayoyaacha. Safu hiyo ya pili ndiyo nitakayoisoma kwanza. Kisha kila mwezi, tukizungumza kwa simu, nitakuuliza namba zako nne: makadirio ya bei uliyoyapeleka, fedha zilizolipwa, vipindi vya masomo, na jioni za watoto.

Mama yako