Makumbusho ya jiji la Mumbai

SWALI: Mwezi ujao nampeleka mama Mumbai kwa matibabu. Kuna makumbusho ya historia ya jiji lenyewe? Nayafikaje?
Msomaji, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Yapo, ndugu msomaji: Dr. Bhau Daji Lad, jengo la 1872 eneo la Byculla. Ukitokea stesheni kuu ya CSMT, panda treni ya njia ya Central; Byculla ni kituo cha tatu. Epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, mabehewa hufurika hadi mlangoni. Jumatano usijisumbue, panafungwa, pamoja na bustani ya wanyama iliyo jirani. Mgeni hulipa zaidi ya Mhindi. Beba rupia za noti ndogo. Wenyeji hulipa kwa simu, chenji ni shida.

Wengi huishia chini, kwenye vyombo vya udongo na fedha. Sisi tungeanzia ghorofani: kuna sanamu ndogo za udongo za watu wa kazi na jamii mbalimbali, na ramani za jiji. Pembe za ndovu zilizochongwa zitazame kwa karibu. Bombay, jina la zamani la Mumbai, ilikuwa soko kubwa la pembe zilizopitia Zanzibar, zikiwemo zilizobebwa na wapagazi kutoka huko kwenu.

Nje yupo tembo wa jiwe wa kisiwa cha Elephanta. Mwaka 1864 Waingereza walitaka kumsafirisha kwao, kreni ikakatika, akavunjika. Vipande viliunganishwa baadaye.