Maswali na Majibu: Je, ardhi ya bure ya Marekani iliwafikia maskini na waliokuwa watumwa?

SWALI: Mwalimu wetu anasema Marekani ilimpa kila mtu fursa sawa, na anatoa mfano wa sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ekari 160 bure. Je, sheria hiyo iliwahusu pia maskini na watumwa?

JIBU: Sheria hiyo, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimruhusu raia, au mhamiaji aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, kuchukua ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Wakati huo watu karibu milioni 4 walikuwa wangali utumwani, na mwaka 1857 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, ilikuwa imeamua kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia, hata akiwa huru. Maskini mweupe hakuzuiwa na sheria, lakini plau, maksai, mbegu na chakula cha kumfikisha kwenye mavuno vilikuwa juu yake. Wala tusisahau kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji asilia.

Mfano wenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida. Januari 1865, vita vya serikali dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyoasi vikielekea ukingoni, Jenerali William T. Sherman wa jeshi la serikali aliamuru familia zilizotoka utumwani zipewe vipande visivyozidi ekari 40, na watu wapatao 40,000 wakaanza kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliagiza ardhi irudishwe kwa mabwana wa zamani. Jenerali Oliver Howard, mkuu wa ofisi ya serikali iliyowahudumia waliotoka utumwani, alitumwa kisiwa cha Edisto kuwapa watu habari hiyo kanisani, nao wakamwandikia kwamba wao ndio walioistawisha ardhi ile kwa jasho lao na kubaki watiifu kwa serikali, ilhali wanaopewa ndio walioiasi. Hawakusikilizwa. Mwaka huohuo Mississippi ilitunga sheria iliyomkataza mtu mweusi kukodi ardhi nje ya miji, na iliyomnyima ujira wake wa mwaka huo kibarua aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Waliobaki bila ardhi wengi wao waliishia kulima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, huku deni la dukani likiwafunga mwaka hadi mwaka.

Kura nayo ilikuwa na bei. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 ilidai kodi ya dola 1.50 kila mwaka, na malimbikizo yake yaliweza kufika dola 36, kiasi kilichowafungia nje weusi na pia weupe wengi maskini. Mahakama Kuu iliihalalisha kodi ya aina hiyo mwaka 1937, na haikuifuta katika chaguzi za majimbo hadi mwaka 1966.